Parcelle ya Servitude

— Toa nyumba!

— Toa tiyo!

— Mama, tiyo ya maji haiyaingia hata. Nyumba yako njo inaikatalia njia.

— Basi ipite juu!

— Maji haipitake juu, mama.

— Na mvua inapitaka wapi?

Apo batu bote bakacheka. Na mimi nikacheka, nikasahau kama iyi kesi ni yangu.

Mwenye alikuwa analilia tiyo ni ingénieur Munguakonkwa, mutu wa Bukavu, wa projet ya maji. Alikuwa na casque nyeupe ku kichwa na viatu vya kuangaza, viatu vya mutu mwenye mawe ya Goma haiyamujua bado. Mwenye alikuwa analilia nyumba ni Mama Wivine, munande wa Butembo, anauzishaka maharagi ku Mabanga. Alisimama mu mulango wake, mukono moja huku, mukono moja kule, sawa vile ingénieur angeweza kuitia nyumba mu mufuko na kwenda nayo. Nyumba ya ciment, aiko ya mbao. Vyumba mbili, salon, madirisha ya vioo. Miaka kumi na moja ya maharagi njo ilikuwa imesimama pale.

Piquet nyekundu za projet, vijiti vya kuonyesha njia ya tiyo, zilifika ku ukuta wa chumba cha mwisho, zikakatika, zikaendelea nyuma ya nyumba. Hata mulevi angeona: tiyo inapita katikati ya kitanda.

— Mama, nani alikuambia servitude ni fasi ya kujenga?

Mama Wivine akageuka. Aliniangalia tu. Avenue nzima ikaniangalia.

Mimi ni Benny. Niliachaka masomo mu sixième primaire, nikavunja mawe, nikasukuma chukudu ya mbao yenye kujaa mizigo, kisha nikakuwa commissionnaire. Unatafuta parcelle, kiwanja cha kujenga, unaniita, nakuonyesha, unanipa changu, twaachana kwa amani. Huku nyuma ya Katoyi, juu ya mawe ya volcan, mwenye shamba alikata parcelle makumi tatu na akafanya kitu chenye sijaonaka mutu anafanya mu huu muji: mbele ya kuuzisha, alileta mutu wa kupima, akachora plan. Ku ile plan, pembeni ya parcelle 14, mulikuwa mistari mbili na neno: «servitude, 4 m».

Mama Wivine, mwenye alikuja kununua 14, alitia kidole pale pale.

— Benny, servitude ni nini?

Sikujua. Mais commissionnaire mwenye anasema «sijui» analala na njaa. Nikaangalia lile neno. Service niliijua. Serviette niliijua. Serveuse, usiniulize, niliijua sana. Nikamujibu:

— Mama, servitude njo fasi service zote zitapita. Maji, courant, yote. Mwenye anajenga pembeni ni chef. Mwenye anajenga juu yake, maji itamukuta ku kitanda.

Angalia vizuri: sikusema bongo, sikudanganya. Hiyo njo inaniuma. Maji ilikuwa inakuya kumukuta ku kitanda kabisa.

Tukaenda kwa mwenye shamba. Alikuwa amesafiri. Muke wake akatia mukono ku karatasi, 14 pamoja na zile metre ine, bila kusoma, ju samaki yake ilikuwa inaungua ku mafuta. Ivyo tu. Mu Goma yote, mara moja mutu alifikiria njia ya maji mbele ya kujenga nyumba, na mimi nikaiuzisha iyo njia.

— Vendredi, ingénieur akasema. Kama chumba hiki hakitoke, tiyo inageukia lotissement ingine, ku batu bengine. Mutabakia na bidon zenu.

— Ni chumba ya mama yangu! Mama Wivine akalia. Koko anatoka Butembo mwezi hii. Nimujengee chumba, kisha nimuonyeshe tiyo?

— Tungeleta tiyo mbele mungejenga juu yake. Tunaleta nyuma, munakuwa mumekwisha kujenga. Munataka tuilete saa gani, mama? Saa munalala?

Hakuna mwenye alicheka ile mara. Familia makumi tatu zilikuwa zinakunywa maji ya ziwa yenye inapanda huku ku chukudu, na ikifika ina harufu ya mutu wa chukudu.

Jeudi saa sita, siku moja mbele ya ile vendredi, batu ya projet bakaenda kula. Mimi njo nilikuwa nimeharibu, mimi njo nitengeneze. Nikangoa piquet tano, nikazipeleka upande wa kushoto, mbali na nyumba ya mama, nikazipiga na jiwe. Mustari muzuri! Nikarudi nyuma, nikafunga jicho moja sawa ingénieur, nikajipongeza.

Papa Bulonza, jirani, akatoka mu choo yake, suruali bado mu mukono.

— Wewe kijana, unafanya nini apa?

— Papa, napima maji.

— Unapitisha maji ya kunywa mu choo yangu?

— Pembeni, papa. Pembeni tu.

— Pembeni ya nini? Miaka mine tunachimba iyi shimo ju ya mawe, haifike hata metre mbili! Mavi yote iko apa juu, inatuangalia!

Ingénieur akafika na kijiti ku meno. Akaangalia piquet, akaangalia choo, akaniangalia.

— Ni wewe mutu wa servitude?

— Ndiyo, ingénieur.

Akachukua marteau, akapiga chini, pale pale penye niliweka piquet ya tatu. Marteau ikaruka ikataka kumurudilia ku casque.

— Umesikia? Hii ni jiwe mpaka chini. Mwenye alichora plan alizunguka huku siku tano na kamba, anatafuta fasi yenye udongo ya kupitisha tiyo. Akapata fasi moja. Moja! Anaandika servitude: parcelle inaweza kuwa ya mutu, mais pale unaacha wazi, ni njia ya bote. Na wewe unaiuzisha.

Mama Wivine alikuwa nyuma yangu. Sikumuona.

— Benny, akasema polepole. Ju uliniambia maji itafika ku kitanda, nililalaka mu kile chumba. Nilikuwa nategea sikio.

Ningependa anitukane. Kinande iko na matusi muzuri sana, na anayajua yote.

Vendredi asubuhi nikakuta bidon. Sisemi bidon mbili. Mustari nzima, za manjano, za bleu, moja haina kifuniko, moja imefungwa na sachet. Ilianza ku ukuta wa kile chumba, pale piquet ilikatika, ikashuka mpaka barabara. Unajua vile tunafanyaka ku robinet: bidon inakushikia fasi, wewe unaenda kufanya kazi zako. Ni hivyo tu walifanya. Robinet haiko, tiyo haiko, mais fasi walikuwa wamekwisha kushika.

Mama Wivine akatoka na kikwembe, akaona.

— Munapanga mustari ku nyumba yangu?

Papa Bulonza, bidon yake ilikuwa ya tatu, akakohoa.

— Mama, hatukuombi kitu. Tunashika tu fasi.

— Ku ukuta?

— Ku ukuta, mama. Kwa leo.

Akatembea kandokando ya bidon zote mpaka chini, akarudi akizihesabu na macho. Moja ilikuwa imeanguka. Akaisimamisha. Kisha akaingia mu nyumba, tukasikia anavuta kitanda, anavuta masanduku, anaongea na yeye mwenyewe Kinande. Akatoka na masse ya kuvunja mawe, akanitupia ku miguu.

— Koko atalala mu chumba yangu. Mimi mu salon. Wewe ulivunjaka mawe mbele ya kukuwa mutu wa maneno. Vunja.

Nikapiga. Ukuta haukusikia hata. Nikapiga tena. Batu bakaanza kunipa conseil, ju mu Goma kila mutu ni fundi: piga chini, piga ku kona, huyu hajakula. Ku mupigo ya saba bloc moja ikapasuka, vumbi ikanijaa mu kinywa. Ingénieur akatoa carnet yake, akaandika.

— Muzuri. Lundi tunachimba.

— Na robinet yenyewe, Papa Bulonza akauliza, mutaiweka apa?

— Apana. Tiyo inapita tu. Robinet inaenda kule chini, ku mwisho wa avenue, ku kona.

Ungewaona! Kila mutu akanyakua bidon yake. Bamama banakimbia na vikwembe mukononi, Papa Bulonza anasukuma mutoto wa shule, mustari wote ukashuka avenue sawa mawe yakiporomoka, na kule ku kona matusi ikaanza: mimi nilikuwa mbele, apana mimi, uliza ingénieur. Ju ya robinet yenye haiyafika.

Tukabakia wawili, mimi na Mama Wivine na tundu mu ukuta. Nilitafuta neno. Nilipata moja, nikaliogopa.

— Mama...

— Dirisha unaitoa nzima, akasema. Ukivunja kioo nitakuvunja na wewe.

Akaenda ku jikoni, akarudi na bidon yake, akanigeuzia mugongo, akashuka kwenda kupanga nyuma ya bote.