Klorini ya Watu Arobaini na Watano

Costa alifika Burrawindi Jumatatu ya pili ya Desemba, saa mbili asubuhi, na mashine ya kumimina klorini ikiwa imefungwa mkanda kwenye kiti cha abiria. Alikuwa ameendesha gari kutoka Dubbo tangu alfajiri, na shingo yake ilishakuwa nyekundu. Alikunywa chai ya Shangazi Merle, akala mkate wake wa kuchoma, kisha akaingia chumba cha pampu na drili.

Merle Dargan alikuwa msimamizi wa bwawa la kuogelea la halmashauri kwa miaka ishirini na miwili. Mji mzima ulimwita Shangazi, hata wale ambao baba zao wasingekubali kumpa mkono. Miaka yote hiyo alitia klorini kwa jagi na kwa jicho, na hakuna mtoto aliyewahi kutoka majini akijikuna. Halmashauri iliamua hata hivyo kwamba jicho si kipimo.

Mashine yenyewe haikuwa na makuu. Ilikuwa sanduku jeupe la kutundika ukutani, lenye kioo kidogo cha kusomea na vitufe vinne. Chini yake zilikaa pampu mbili. Mpira mmoja ulishuka kwenye dumu la klorini ya maji, wa pili ulipita tundu la ukutani hadi chumba cha jirani, kwenye dumu la asidi, maana vitu hivyo viwili vikikutana hutoa moshi wa kuua mtu. Costa alilisema hilo mara tatu. Shangazi Merle alilijua kabla Costa hajaota ndevu.

Alizungusha pampu hadi mapovu ya hewa yakaisha mpirani. Akachota maji ya bwawa kwenye kichupa, akatia kidonge, maji yakageuka waridi, akalinganisha rangi na kadi yake, akaiambia mashine namba ya kweli. Kisha akaifundisha kazi: klorini ikishuka chini ya mbili, mimina, ikifika mbili, acha, ukimimina dakika ishirini bila kufika, piga kelele. Mwisho akamwambia Shangazi Merle achague namba ya siri, akageuza uso kwa adabu wakati mama anabonyeza.

"Na hii ya pembeni ni nini?" Shangazi Merle aliuliza, kidole kikiwa kwenye kioo.

"Idadi ya watu majini, Shangazi. Kila mwili unakula klorini. Jasho, mafuta ya kujipaka, mikojo ya watoto..."

"Na ya wakubwa."

"Na ya wakubwa. Sasa mashine inaangalia klorini inaliwa kwa kasi gani, inakadiria watu. Kila saa inatuma namba halmashauri."

Shangazi Merle akaweka kikombe chini. "Inatuma yenyewe?"

"Yenyewe."

"Haiwezi kunyamaza?"

"Ndiyo uzuri wake," alisema Costa, akafuta vumbi la drili.

Hadi saa kumi kasoro tano jioni kioo kilisoma watu kumi na wanne, na langoni walikuwa wamepita watu kumi na wanne. Joto lilikuwa digrii arobaini na moja. Saa kumi na dakika kumi kioo kilisoma arobaini na watano, na pampu ya klorini ikaanza kugonga bila kupumzika.

Costa alipima maji upya. Alisafisha kwa mswaki kipimio cha mashine kinachokaa majini. Alifungua chujio akitafuta chura aliyekufa, akampata, akamtupa, na kioo kikabaki arobaini na watano. Alianza kuitukana mashine kwa Kigiriki cha bibi yake.

"Acha kuisumbua," alisema Shangazi Merle. "Hujawaona wale kule kwenye kina?"

Costa alikuwa amewaona. Alidhani ni shule.

"Ni wa Misheni," alisema Shangazi Merle. "Thelathini na mmoja. Hawakupita langoni."

Bwawa lilifunguliwa mwaka 1957, na wiki hiyohiyo halmashauri ikapitisha azimio kwamba watu wa Misheni, wenyeji weusi wa Australia waliowekwa kambini nje ya mji, wasikanyage. Basi watoto wa Misheni walikuwa wakija kila jioni baada ya shule kusimama nje ya uzio, paji la uso limebanwa kwenye waya, wakiangalia wenzao wanavyopiga mbizi. Wakichoka kuangalia walikwenda kuogelea mtoni, chini ya kizuizi cha maji, penye magogo na mikondo. Januari ya 1961 mto ulimchukua dada yake Merle. Jina lake hatulitaji. Kwetu jina la marehemu huachwa lipumzike. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Merle alikuwa na miaka saba, ameketi ukingoni, ameshika gauni la dada yake lisilowe.

Wale wengine walikua. Walinyoa kondoo, walioa na kuolewa, walizeeka, wakafa kwa figo na kisukari, na kiangazi kilichofuata kifo chake kila mmoja alikuja bwawani akiwa na umri uleule aliokuwa nao pale wayani, alama za waya zikiwa bado kwenye paji la uso. Mzee Clarrie alizikwa Agosti akiwa na miaka sabini. Novemba alijitupa majini akiwa na miaka tisa, akamrushia maji mke wa daktari wa meno, na Kiah, binti mwokoaji, akampulizia filimbi kama anavyompulizia mtoto mtundu yeyote.

Kwa miaka ishirini na miwili Shangazi Merle aliwatilia jagi moja na nusu la ziada kila saa kumi. Halmashauri haikuuliza, naye hakuwa mtu wa kujibu asichoulizwa.

Costa alifikiri kidogo.

"Kwa hiyo kipimio ni kizima," alisema.

"Kizima kabisa."

Akafunga sanduku lake la vifaa, akaomba kipande kingine cha mkate.

Jumatano alikuja Bwana Lindsay Prewett, meneja wa huduma za jamii, na karatasi za namba mkononi. Yeye peke yake mjini ndiye aliyemwita Merle tupu. Alisimama ukingoni kwa viatu vya kamba, akahesabu vichwa kwa ncha ya kalamu, akapata arobaini na watano, akahesabu tena kuanzia upande wa pili.

"Merle, hawa hawamo kwenye orodha."

"Hawakuwahi kuwekwa."

"Na idadi inapanda. Mwaka juzi walikuwa wangapi?"

"Ishirini na wanane. Na wataongezeka, Bwana Prewett. Mimi mwenyewe niko njiani."

Hakucheka. Alirudi ofisini akazama kwenye kabati la mafaili siku nzima, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kufuata taratibu, na watu wa namna hiyo ndio waliotumaliza. Alhamisi alirudi na nakala ya azimio la 1957. Halikuwahi kufutwa. Baadaye, watu walipopiga kelele hadi watu wa Misheni wakafunguliwa lango, halmashauri ililifungua kimyakimya bila kuandika chochote.

"Nyinyi wa sasa hamna tatizo," Prewett alieleza, sauti ya upole. "Hili haliwahusu. Ila hawa ni wa wakati ule, na kwa wakati ule azimio lipo."

"Basi lifuteni."

"Kulifuta ni kukiri kwamba lilikuwepo. Mwanasheria anasema tuliache lilale."

Alimgeukia Costa, aliyekuwa amebaki mjini kusubiri kifuniko cha pampu ya asidi. Alitaka mashine iwekewe kikomo: isimimine zaidi ya inavyohitajika kwa watu waliopita langoni. Costa alikuna shingo yake iliyobabuka.

"Naweza, lakini elewa kitakachotokea. Klorini ya watu kumi na wanne, wanaila arobaini na watano. Saa kumi na moja maji yameshakuwa ukungu. Kisheria inabidi muwatoe watu wote."

"Tutawatoa," alisema Prewett. "Kiah atapuliza filimbi. Siku tatu, nne, na hao watazoea kutokuja."

Shangazi Merle alikuwa akikunja taulo. Aliacha kukunja. Hasira ilimpanda polepole kutoka miguuni, na alipoisikia imefika kifuani aliikaribisha, kwa sababu alikuwa ameisubiri tangu akiwa na miaka saba na gauni kavu mikononi.

"Dada yangu mlimfukuza akiwa bado yuko nje," alisema. "Sasa yumo ndani. Hatoki mtu."

"Nipe namba ya siri, Merle."

"Ninayo. Na itaendelea kuwa yangu."

"Hii ni mali ya halmashauri."

"Sanduku ni la halmashauri. Lichukueni. Namba iko kichwani mwangu, na kichwa nimepewa na mama."

Prewett alimtazama Costa. Costa alisema kiwandani wanaweza kuifuta namba, ila mashine ing'olewe ukutani ipelekwe Sydney, na huko foleni ni wiki sita.

"Na hizo wiki sita bwawa litatiwa klorini kwa kitu gani?"

"Kwa jagi," alisema Costa. "Na fundi wa jagi hapa ni Shangazi."

"Naweza kukufukuza kazi," Prewett alimwambia Shangazi Merle, na masikio yake yalikuwa yameiva.

"Nifukuze. Ukinifukuza nitakaa nyumbani nife, na nikifa nitarudi hapa bure, bila mshahara na bila likizo. Saa kumi na dakika kumi, kila siku ya Mungu, utakula sahani moja na mimi. Kisha utaniandikia barua ya onyo uipeleke wapi?"

Kiah, juu ya kiti chake cha mwokoaji, alicheka hadi filimbi ikamtoka mdomoni. Kule kwenye kina Clarrie alipiga mbizi ya tumbo, na viatu vya Bwana Prewett vikalowa hadi soksi.

Suala lilipelekwa kwenye kikao cha madiwani. Walikaa saa tatu chini ya feni. Mmoja alisema babu yake ndiye aliyeandika azimio lile na alikuwa mtu mwema sana kwa farasi. Mwingine aliuliza kama watoto hao wanaweza kupiga kura. Kura ya kulifuta azimio ilikuwa watatu ndiyo, sita hapana. Kwa kauli moja wakapitisha jambo jingine: kuanzia Jumatatu, atakayeonekana majini bila muhuri wa lango mkononi atatolewa, na bango litundikwe. Prewett alileta bango, muhuri na kidau cha wino wa bluu, akatundika bango mwenyewe, akaondoka akiwa ametulia, kwa kuwa watoto wale hawakuwa na desturi ya kupita langoni.

Jumatatu hiyo, saa kumi, kina cha bwawa kilikuwa kitupu. Mashine ilisoma kumi na mmoja. Kiah alishuka kitini akaja ofisini.

"Shangazi, hawajaingia. Wako nje, barabarani. Wamepanga foleni."

Walikuwa watoto waliolelewa kusoma mabango. Walisimama kwenye lami ya moto wameshikana mikono wawili wawili, kaptura za pamba, vifua vya kitoto, na wa mbele alikuwa akiwasomea wadogo maneno kwa sauti.

"Bwana Prewett akisikia?" Kiah aliuliza.

"Ameandika mwenye muhuri. Hakuandika nimgongee nani." Shangazi Merle alichukua muhuri na kidau. "Kakalie kiti chako. Na macho yawe kwenye kina, Clarrie haogelei vizuri kama anavyojidai."

Alifungua lango hadi mwisho, akaliwekea tofali. Akagonga mkono mmoja mmoja. Wino ulishika kama unavyoshika kwa mtu yeyote. Waliogongwa walimpita mbio, Kiah akapuliza filimbi kwamba ukingoni hakuna kukimbia, na pampu ya klorini ikasikika ikigonga chumbani.

Wa mwisho alikuwa dada yake, kwa sababu ndiye mkubwa na alikuwa akiwatanguliza wadogo. Kwa miaka yote hiyo Merle alikuwa amemwona kwa mbali tu, kichwa na mabega juu ya maji. Yule dada alinyoosha mkono. Ulikuwa mdogo sana, na Merle, ambaye tangu ile Januari aliukumbuka kama mkono wa mtu mzima, alilia palepale langoni bila kujificha. Akaugonga muhuri, akaubana kidogo wino ukolee.

Yule mtoto alitazama alama ya bluu, akatazama bango, kisha akamtazama yule bibi mwenye mvi.

"Mdogo wangu," aliuliza, "wamekubali?"

"Hawajakubali, dada," alisema Merle. "Ingia."