Mkate Usiokuwepo Rafuni

Siku ya kwanza yule mwanamke alipoingia, Obdulia hakumtilia maanani. Wateja wa duka lake la mikate, mjini Atlixco, huchukua sinia na koleo, wakazunguka rafu wakichagua bila kuuliza mtu. Huyu alisimama katikati ya duka na sinia tupu.

"Mama, mtu ambaye hajawahi kula hapa, aanze na upi?"

"Anza na gamba," Obdulia akamwambia, akimwonyesha ile mikate ya mviringo yenye michirizi ya sukari juu. "Gamba halijawahi kumuudhi mtu."

Mwanamke akanunua moja, akaketi dirishani. Akalimega, akanusa ndani, akala nusu, akatikisa kichwa na kuondoka.

Kesho yake alirudi na swali lile lile. Akapewa mkate wa sikio, ule mkavu unaovunjika kwa mlio. Siku ya tatu akapewa mkate wa sukari guru wenye umbo la nguruwe mdogo. Kila mara ni kunusa, kula nusu, kutikisa kichwa. Machale yakamcheza Obdulia. Alikwenda nyuma kwa kaka yake Eusebio, aliyekuwa akichochea tanuri.

"Yule ametumwa. Ama ni mkaguzi wa afya, ama ni wa lile duka kubwa la barabarani. Anatuibia mapishi."

"Labda amenipenda mimi," Eusebio akasema.

"Wewe? Na huo unga uliojaa masikioni?"

"Dada, wewe ungemshuku hata padri akija kununua mkate."

Siku ya nne Obdulia alimtega. Alimwekea mkate uitwao busu, vile vipande viwili vilivyogandishwa kwa jamu, lakini vya jana. Mwanamke alinusa tu, akarudisha.

"Hili la jana, mama."

Obdulia akalishika sinia la mwanamke kwa mikono miwili. Wateja wawili waligeuka kutazama.

"Binti, nani amekutuma?"

"Mama yangu."

"Mama yako ana duka wapi?"

"Hana duka. Yuko kitandani, kule Metepec. Wiki ya pili hii hali kitu. Ametamka chakula kimoja tu, mkate wa hapa wenye maganda ya chungwa na mafuta ya nguruwe, uliobonyezwa kidole katikati. Akanikataza kuuliza. Alisema, onja mmoja mmoja, ukiupata niletee, ila jina langu usilitaje mle ndani."

Obdulia akaliachia sinia. Mkate ule uliitwa kitovu, na mikono iliyoubuni alikuwa akiijua.

"Wewe ni mtoto wa Praxedis," alisema kwa sauti ndogo.

Binti, aliyeitwa Nereida, aliinamisha kichwa.

Obdulia alikuwa na miaka kumi na sita pete ya mama yake ilipopotea. Praxedis, mpishi wao, alipekuliwa mpaka pindo za sketi mbele ya wateja, akafukuzwa huku mama yake Obdulia akipiga kelele kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Kitovu hakikupikwa tena. Miaka kumi na moja baadaye walibadilisha karai la mbao la kukandia unga, na pete ikaonekana imenasa kwenye ufa, imegandiwa na donge la zamani. Mama yao aliiosha, akaivaa. "Yaliyopita si ndwele," alimwambia Obdulia, na Obdulia akanyamaza. Alinyamaza hata baada ya kumzika.

"Njoo kesho asubuhi," akamwambia Nereida. "Rafuni haumo. Nitaupika."

Eusebio alipoambiwa, hakutania. Alikoleza moto tu.

Asubuhi Obdulia aliifunga mikate sita kwa kitambaa, akafuatana na Nereida mpaka Metepec. Njia nzima aliogopa. Labda ni mtego, alifikiri, labda ananipeleka nikatukanwe. Kisha akajiambia kwamba hata ikiwa hivyo, ni haki.

Praxedis alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa yale yale. Alimtazama bintiye kwanza.

"Nilikwambia usinitaje."

"Sikukutaja, mama. Amejua mwenyewe."

Obdulia hakungoja kukaribishwa. "Pete ilipatikana, Praxedis. Ilikuwa kwenye ufa wa karai. Nilikuwepo."

"Lini?"

"Miaka thelathini na moja sasa."

"Na hukuja."

"Sikuja."

Praxedis alinyoosha mkono, akapewa mkate. Alipitisha kidole gumba kwenye kile kibonyeo, akamega, akatafuna polepole. Nereida alishika mdomo asilie.

"Chungwa hukulikwangua," Praxedis akasema. "Umelikatakata. Ndiyo maana linauma meno."

"Nitakwangua."

"Mimi nilifukuzwa mchana, watu wakitazama. Wewe unaniambia chumbani kama mtu anayeungama." Alielekeza kidevu mlangoni. "Fungua. Sema tena, majirani wasikie."

Obdulia alifungua mlango. Ng'ambo ya njia mwanamke alikuwa akianika nguo, na wazee wawili walikuwa kwenye benchi. Alitaja jina lake kamili, akataja la mama yake, akaeleza pete ilikuwa wapi na ni nani ambaye hakuiiba. Sauti ilimkatika mara mbili, akaanza upya. Mwanamke wa nguo alisimama na shuka mkononi, mdomo wazi.

"Nereida," Praxedis aliita kutoka kitandani, "chemsha maziwa. Mkate huu hauliwi mkavu."

Hakusema yawe ya wangapi. Nereida alimtazama mgeni wao mlangoni, akatoa vikombe vitatu.