Kisu Kilichohukumiwa Jikoni

Wewe unayesoma, umewahi kuona kisu kilichokatazwa kukata?

Basi pita Mwamkulu, nyumbani kwa Zefania, mstaafu wa reli. Pale sebuleni, mahali wenzake wanapotundika picha ya harusi, yeye katundika visu, kila kimoja na ala yake ya ngozi na mpini wa mninga uliosuguliwa mpaka unateleza. Havigusi nyama wala kitunguu. Vinateremshwa, vinapanguswa kwa flana, vinatazamwa, vinarudi juu. Mkewe Gaudensia akitaka kukata mboga, anaazima kisu kwa majirani.

Ugonjwa huo anao pia jirani yake, Selestine. Wote wawili wanachongesha kwa Ngusa, fundi wa Mpanda mjini, anayeagiza mabamba ya stenlesi kutoka Dar. Zefania haambiwi kitu kuhusu chuma cha namba 420: hakishiki kutu upesi, kinang'aa kama kioo. Selestine naye ni chuma cha 440C tu: kigumu hicho, kinatunza makali. Makali ya kukatia nini, hakuna aliyethubutu kuuliza.

Lakini Zefania alikuwa na donda lake. Kila alipomwonyesha Selestine kisu kipya, yule bwana alikigeuza huku na huku kama anayekagua samaki wa juzi, halafu anasema, "Mm." Basi. Mm, na kikombe cha chai anamaliza.

Siku alipokiita kisu kipya cha Zefania "sufuria yenye mpini", maneno yakapanda. Mwisho wakakubaliana: visu viwili vizamishwe kwenye pipa alimovundika Gaudensia mihogo ya udaga, ile ya kuanikwa na kusagwa unga wa ugali, maana maji yale yana ukali, yanakula hata msumari. Kitakachotoka na kutu kitaingia jikoni. Neno jikoni walilitamka kama watu wanavyotamka jela.

"Na mihogo yangu je?" Gaudensia akauliza.

"Mama Queen, huu ni utafiti," Zefania akamjibu mkewe.

"Haya. Jioni mtasonga huo utafiti, mle."

Siku zote mihogo ilipokuwa inavunda kwenye maji yake, Zefania alifunua lile pipa mara nyingi kuliko kuku anavyogeuza mayai. Harufu ilimganda kwenye shati mpaka kanisani watu wakamwachia benchi.

Mihogo ilipolainika, visu vikatolewa. Cha Zefania kiling'aa kama kimetoka kwa Ngusa asubuhi ile. Cha Selestine kilikuwa na doa karibu na mpini, dogo kama kiroboto.

"Uchafu huo," Selestine akasema. Akasugua kwa shati, kwa mate, kwa ukucha. Doa likakaa palepale.

"Ni kutu, shemeji," Gaudensia akasema, mkono ameshaunyoosha. "Lete."

"Kitachubuka, shemeji yangu."

"Kitunguu hakina kucha. Lete hapa."

Selestine akakitoa kama baba anayemtoa binti kwa ukoo asioupenda. Gaudensia akakaa kwenye kigoda, akaweka kitunguu kwenye kibao. Kisu kikapita kama kinapita kwenye maji.

"Kumbe kinakata!"

Selestine akainua kidevu. "Umeona? Nilisema mimi! Ongeza nyanya hapo, ujionee!"

"Umeshindwa lakini," Zefania akamkumbusha.

"Nimeshindwa, ndiyo. Lakini umeona kilivyopita?"

Zefania akabaki amesimama na kisu chake kinachong'aa, mshindi asiye na mtu wa kumtazama. Akakohoa. Akakigeuza juani, mwanga ukampiga Selestine jichoni.

"Mm," Selestine akasema, macho yake kwenye nyanya.

"Baba Queen," Gaudensia akashangaa, "si umeshinda wewe? Mbona uso umeuvuta hivyo?"

Zefania akatupa flana chini.

"Mm yake hiyo! Miaka yote, mm, mm, kama ng'ombe! Selestine, sikutaka kushinda mimi, wala chuma sikutaka. Nilitaka siku moja tu useme, 'Zefania, kisu chako kizuri.'"