Mikono Nyuma

Mwanawetu aliingia uani kwa Bi Hajra na sanduku kichwani, akalitua mezani, kisha akafunga mikono nyuma ya mgongo. Wanawake wa kikundi cha sabuni cha kijiji cha Kiegei wakamkazia macho. Hakuna aliyemkaribisha kiti.

Tangu apewe talaka, kila sufuria ilimharibikia. Alikoroga mpaka mabega yakawaka moto, na bado mafuta ya ufuta yalielea juu, maji ya kostiki, ile dawa kali ya kugandisha sabuni, yakabaki chini, yamenuniana kama wake wenza. Bi Hajra, mwenyekiti, ndiye aliyetamka kwamba mkono wake unaachanisha vitu: umeachanisha ndoa, sasa sabuni. Neno likaota miguu, likafika hadi sokoni Nachingwea. Akanyang'anywa mwiko, akabaki kuteka maji na kuosha vyombo. Hilo lilimuuma kuliko talaka yenyewe, maana yeye mume alimpenda kwa msimu tu, ila sabuni aliipenda miaka yote.

Akaenda zake Ruangwa, akafanya usafi kwa Abel, sonara anayeoshea mikufu kwenye tangi dogo la umeme. Tangi hilo hutoa sauti nyembamba mno, sikio haliipati, lakini maji huipata: hutetemeka na kutoa vipovu bila moto. Siku moja mafuta ya nywele yalimwagikia humo. Hayakuelea. Maji yaligeuka meupe kama maziwa, na Mwanawetu akasimama na kitambaa mkononi, akiyatazama. Alimsumbua Abel mpaka akamwazima tangi la zamani, na ndilo lililokuwa ndani ya sanduku.

"Umekuja kutuharibia tena?" aliuliza Bi Hajra, mwiko umelala mapajani mwake.

"Nimekuja kupika, Bi Hajra. Mikono yangu iko nyuma, iangalieni msije mkasema imegusa. Tunu, jirani yangu, nimiminie."

Tunu alilitoa tangi sandukuni, akalitia maji na kulichomeka kwenye umeme. Kisha akamimina mafuta na maji ya kostiki kwenye jagi la kioo, akalisimamisha ndani ya maji ya tangi. Mwanawetu alitoa kidole kimoja, akabonyeza kitufe, akakirudisha nyuma. Maji ya tangi yakaanza kutetemeka na kutoa vipovu. Wanawake wakasogea, wengine wakisubiri kwa hamu mafuta yapande juu. Mwanawetu alijua, akainua kidevu.

Hayakupanda. Mstari kati ya mafuta na maji ulififia, ukapotea, na mchanganyiko ukaanza kuwa mzito kama uji.

"Kumbe!" Bi Hajra akashusha pumzi. "Si nilisema ni mkono? Mashine haina mkono. Basi tuachie, Tunu ataiendesha."

Mwanawetu akamgeukia.

"Na iliwashwa na nani?"

Tunu aliketi kwenye benchi, akasogea kumwachia Mwanawetu nafasi.

Mwanawetu alitoa mkono wa kulia nyuma ya mgongo, akaunyoosha kwa Bi Hajra, kiganja wazi.

"Nipe mwiko wangu."

Bi Hajra alikitazama kile kiganja, akaung'ang'ania mwiko kwa mikono miwili. Mkono wa Mwanawetu haukurudi nyuma.