Mkono wa Mtani

Papa aliyeuchukua mkono wa Vilikesa alikuwa na jina. Aliitwa Mama Mkwe, kwa sababu alikuja bila kualikwa, akala kuliko wote na hakuna aliyewahi kumwona ameshiba. Jike nene la mita tatu, ndoana kuukuu imeota kutu pembeni mwa mdomo. Miaka tisa Vilikesa alimlisha vichwa vya jodari kwa mkono wa kulia, mita kumi na mbili chini ya maji, wageni wamepiga magoti nyuma ya ukuta wa matumbawe na kamera zao. Miaka tisa hakupata hata mkwaruzo, maana mkono huo ulivaa glavu ya pete za chuma.

Glavu hiyo ndiyo iliyomkera Ropate.

Ropate alikuwa mpiga picha wa boti, fundi kwelikweli, mtu wa kukaa saa nzima mbele ya kamba mdogo kama punje ya mchele akisubiri ageuke. Kwao ni kisiwa cha ng'ambo, ambacho watu wake na watu wa kina Vilikesa ni watani tangu enzi za mababu. Fiji nzima inajua maana yake. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako, anakula sahani yako, anaondoka na shati lako kambani, na wewe unacheka. Ukikasirika umeshindwa, na aibu ni ya ukoo mzima. Ropate alishamchukulia Vilikesa baiskeli, majogoo wawili na sulu, shuka yake ya kiunoni ya kwendea kanisani. Vilikesa naye alishawahi kulala kitandani kwa Ropate wiki nzima, mwenye kitanda akiwa sakafuni.

"Mtani, huo mkono wako wa bati unaniharibia picha," Ropate alisema asubuhi moja ya Julai, wakipakia mitungi ya hewa. "Papa mzuri, maji safi, halafu katikati kuna sufuria."

"Sufuria hiyo ndiyo inayokupa kula."

"Sura yako peke yake inatosha kuwatisha papa. Chuma cha nini?"

Salote, nahodha wao, mama wa makamo asiyecheka ovyo, siku hiyo alicheka.

Walipofika mwambani Vilikesa alipapasa ndani ya ndoo yake, akakuta glavu haipo. Akamtazama Ropate. Ropate alikuwa anafuta kioo cha kamera polepole mno, midomo ameibana. Mtu wa kwingine angesema nipe glavu yangu nisije nikaliwa. Vilikesa hakusema. Kuomba ni kukiri kwamba utani umekuuma. Akajiambia, nitashuka mkono mtupu, na huyu mjinga ndiye atakayetokwa roho kwa hofu. Hiyo ndiyo hesabu aliyoipiga, na mpaka leo akiikumbuka hujiita mpumbavu kwa sauti.

Salote aliuliza, "Glavu umechukua?"

"Ipo, shangazi," akasema, akaruka.

Kichwa cha kwanza kilikwenda salama, na cha pili. Cha tatu kilimteleza kidogo, na kiganja kitupu kilicholowa damu ya jodari hakina tofauti na jodari. Mama Mkwe alitokea kushoto, akafungua, akafunga. Vilikesa aliusikia mfupa kabla ya maumivu, mlio mkavu kama mua unaovunjwa gotini. Kisha papa akatikisa kichwa. Alimrusha Vilikesa huku na huko, akambamiza ukutani, mtungi ukagonga jiwe, miwani ikajaa maji. Walinzi wawili waliozamia na wageni wakamvamia mnyama na fimbo zao za chuma, wakamchoma matamvuani na puani, naye hakuachia. Vilikesa alimpiga ngumi jichoni kwa mkono uliobaki, akapiga tena, anapiga na analia ndani ya mpira wa kupumulia. Mwishowe papa aliondoka na alichokitaka.

Chini kule damu haiwi nyekundu. Inakuwa ya kijani, kama maji ya mchicha. Lakini taa za kamera zikiwaka, rangi inarudi. Vilikesa aliuona mkono wake uliokatika ukiwa kijani, kisha mwanga, nyekundu. Kijani. Mwanga, nyekundu. Hata walipokuwa wanamvuta juu, wingu lake lilikuwa bado linawaka na kuzima.

Wazee wa kisiwa cha Ropate walikuja na jino la nyangumi, wakapiga magoti, wakaomba msamaha. Wazee wa kwao Vilikesa wakalipokea, kinywaji cha yaqona kikanywewa kwa mapatano, yakaisha. Kwa wazee yaliisha.

Ropate alikwenda hospitali Suva siku ya tano. Hakuweza hata kutania.

"Nilidhani utaniuliza," alisema. "Ungeniuliza tu, ningekupa. Nilikuwa nayo kwenye beseni la kamera."

"Nionyeshe picha."

"Mtani, achana nazo."

"Nionyeshe."

Zilikuwa kumi na moja. Zilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomuua Vilikesa. Hakuna hata moja iliyotikisika. Mtu mwenye mikono inayotetemeka hapigi picha kama hizo.

"Kidole kilibonyeza chenyewe," Ropate alisema huku machozi yanamtiririka. "Nakuapia. Jicho likiwa kwenye kamera mimi sipo, mtani. Nilipotoa jicho ndipo nikakuona."

Vilikesa akacheka, kama desturi inavyotaka. Ndani yake alikuwa anamchinja. Miezi mitano alimchinja kila siku, akiwa anajifunza kumenya muhogo kwa mkono mmoja, akiwa anafungwa vifungo na mkewe.

Mwezi wa Desemba alimfuata Ropate nyumbani kwake ufukweni.

"Nimekuja kuchukua kitu, mtani."

"Chukua. Kamera? Nyumba? Sema."

"Mkono. Huo wa kulia."

Ropate alikwenda jikoni akarudi na panga, akamkabidhi, akalaza mkono juu ya gogo la kupasulia nazi, akageuza uso pembeni. Hakuwa anaigiza. Vilikesa aliona mshipa wa kiwiko unavyoruka, na panga lilimkaa vizuri mkononi, na kwa kitambo hakujua atafanya nini. Akalichomeka mchangani.

"Sina haja ya kuukata. Ni wangu, ubaki hapohapo ulipo. Kesho mkono wangu unarudi kazini. Utalisha papa, na kamera itabaki botini."

"Sawa, mtani," Ropate alisema. Midomo yake ilikuwa myeupe.

Kesho yake, wageni na walinzi walipokuwa wameshatangulia chini, Ropate alipapasa ndani ya ndoo. Akapapasa tena. Akainua uso, akamwona Vilikesa ameketi karibu na injini, shati limefura kifuani.

Omba, Vilikesa alimwambia moyoni. Sema neno moja. Nami nitakupa.

Ropate alitabasamu tabasamu baya. Akavaa miwani, akabeba ndoo ya vichwa, akaruka.

Salote alizima injini. "Una nini humo ndani ya shati?"

Vilikesa aliinamia maji. Alihesabu mapovu. Aliwaza mlio wa mua, mara hii kwa mwingine, akangoja ile raha aliyoisubiri miezi mitano. Haikuja. Akaichomoa glavu, akaibana kwa meno, akajitupa majini bila mtungi wala miwani, akipiga miguu kwenda chini huku masikio yanamchoma.

Kwa macho matupu aliona ukungu tu, ila Mama Mkwe hafichiki. Alikuwa anateremka kwenye kichwa cha jodari na vidole vitupu vilivyokishika. Vilikesa aliichukua glavu kwa mkono wake mmoja, akamchapa nayo Ropate usoni kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Miwani ikang'oka. Akamchapa tena, pete za chuma juu ya pua, wingu la kijani likatoka. Kichwa cha jodari kikaanguka, papa akakidaka chini ya visigino vyao, akapita.

Walichomoza kando ya boti wanakohoa. Pua ya Ropate ilikuwa imepinda, damu imejaa kidevuni, nyekundu sasa.

"Umekasirika," alisema.

"Nimekasirika," Vilikesa alisema, na kulisema tu kukamtoa kilio. "Kumi na moja, Ropate. Ulipiga kumi na moja."

"Ndiyo."

"Ungeomba."

"Hata wewe."

Salote alikuwa amewainamia kutoka botini. Wageni walikuwa bado chini, wamepiga magoti, wanasubiri. Ropate alinyoosha mkono wa kulia juu ya ukingo wa boti na kuuacha hapo. Vilikesa akamvalisha glavu, akaivuta kamba kwa mkono wa kushoto, akaikaza kwa meno.