Usije Leo

Ikupa alipanda basi la Mbeya akiwa amevaa ndala mbili zisizofanana, ya kushoto yake, ya kulia ya mumewe. Hakulitambua hilo mpaka basi lilipokwisha kuiacha Mafinga na misonobari ya Sao Hill kuanza kupungua dirishani. Aliitazama miguu yake kidogo, akaivuta chini ya kiti.

Alikuwa ametoka kwenda kununua unga. Duka liko ng'ambo ya barabara kuu, na alipofika ukingoni basi la kutoka Iringa lilikuwa limesimama, konda ananing'inia mlangoni. "Mbeya, Mbeya! Mama, Mbeya?" Ikupa alikisikia kinywa chake kikijibu, "Ndiyo."

Hakukuwa na ugomvi. Hilo ndilo watu walilokuja kushindwa kulielewa baadaye, maana kila aliyeisikia habari ile alitaka kujua mume alimfanya nini. Liberatus hakumfanya kitu. Ilikuwa Jumamosi, siku yake ya kupumzika baada ya wiki nzima ya kupasua mbao. Aliamka, akanawa, akakuta jiko limepoa, akauliza kwa upole kabisa, "Mama Ambrosi, uji bado?"

Uji ulikuwa bado. Goodness, binti wa miaka minane, alikuwa chini ya meza ameziba masikio akipiga yowe, kwa sababu fundi wa jirani alikuwa amewasha randa ya umeme. Zabron wa miaka mitano alikuwa amejimwagia mafuta ya kupikia kichwani na sasa anaupaka ukuta. Na Ambrosi, kifungua mimba, mvulana wa miaka kumi na miwili ambaye hajawahi kutamka neno, alikuwa akijigonga kichwa kwenye fremu ya mlango, na kati ya kichwa na fremu kulikuwa na kiganja cha mama yake. Ndivyo Ikupa alivyokuwa amesimama, kiganja kinagongwa, alipoulizwa habari ya uji.

Wote watatu wana usonji. Kwa Ambrosi ilichukua miaka na safari nyingi za hospitali mpaka jina hilo likapatikana. Kwa Goodness likaja upesi. Kwa Zabron, Ikupa alijua kabla ya daktari, akakaa nalo moyoni kama mtu aliyemeza kaa la moto, akiogopa kumwambia mumewe. Walipojua, ndugu walisema yao. Wengine jicho baya, wengine mizimu ya Unyakyusa iliyomfuata Uheheni, wengine wakanyamaza tu na kupunguza kuja. Ikupa akabaki na kazi. Kazi yenyewe haikuwa na mwisho wala mapumziko: huyu hali chakula kilichogusana na kingine, yule havai nguo yenye kola, huyu hulala alfajiri, yule huamka alfajiri, na mlango ukisahauliwa wazi, Ambrosi ameshapotea. Uchovu wake haukuwa ule wa kulala ukaisha. Ulikuwa umeingia kwenye mifupa, ukahamia kwenye macho, hata akawa anasahau majina ya watu aliosali nao kila Jumapili.

Ndani ya basi hakuweza kutulia. Mikono yake ilitafuta kitu cha kushika. Kila mtoto aliyelia alimshtua akainuka nusu, kisha akakaa. Simu iliita, ikaandika "Baba Ambrosi". Akaizima mlio, akatuma ujumbe: "Niko hai. Naenda kwa dada."

Jibu lilikuja hapo hapo. "Dada yupi? Na unga?"

Alicheka peke yake, kicheko kibaya, mpaka jirani yake wa kiti akageuka. Alikuwa mama kijana aliyembeba mtoto mchanga. Walipofika Igawa, wachuuzi wakakimbilia madirisha na mayai ya kuchemsha na mahindi ya kuchoma, yule mama akataka kushuka kidogo. "Dada, nisaidie kumpakata huyu."

"Nisamehe, mwenzangu," Ikupa akasema. "Leo sipakati mtoto wa mtu."

Watu wa viti vya karibu wakamtazama. Yule mama akashuka na mtoto wake. Ikupa akageukia dirisha, uso unawaka, na hakugeuka tena mpaka Uyole.

Dada yake, Bupe, alikuwa uani akichambua viazi vya mbegu. Ni mjane, watoto wake wameshaoa na kuolewa, shamba lake liko nyuma ya nyumba mteremkoni. Alipomwona mdogo wake akiingia mikono mitupu aliinuka, akajipangusa udongo.

"Kyala, Mungu wangu! Ikupa? Watoto wako wapi?"

"Kwa baba yao."

"Wote watatu?"

"Wote watatu."

Bupe alitazama ndala, akatazama uso, akameza maswali yaliyobaki. Alimpikia ndizi. Alipokuwa akipika alimwona mdogo wake akizunguka ndani ya nyumba: anasukuma komeo la mlango, anakichukua kisu mezani na kukiweka juu ya kabati, anaokota kiberiti na kukitia kifuani.

"Ikupa," akaita taratibu. "Nyumba hii haina mtoto."

Ikupa akasimama katikati ya sebule na kiberiti chake. Halafu akakaa sakafuni. Bupe akamlaza kitandani kabla ndizi hazijaiva, naye hakuamka kuzila. Alilala jioni ile na usiku mzima, lakini usingizi wenyewe ulikuwa wa vita. Alirusha mikono, akaita majina, akaamka Jumapili jua limeshapanda, shingo inauma, na jambo la kwanza alilolifanya ni kutega sikio.

Kimya. Bupe alikuwa ameenda kanisani. Ikupa akairudishia simu mlio, na kabla hajaiweka mezani ikaita.

"Mama Ambrosi!" Sauti ya Liberatus ilikuwa ya mtu anayekimbia. "Ambrosi hayupo."

"Hayupo vipi?"

"Nilikuwa namenya viazi. Ameng'oa banzi la uzio akapita."

Ikupa alitoka nje bila ndala. Alianza kutembea kwenye matuta ya viazi, anapanda, anashuka, simu imemganda sikioni. "Nenda kwa Mama Eveline, kwenye bomba. Anapenda maji yanayotiririka."

"Nimetoka huko."

"Barabarani?" Neno hilo lilimtoka kwa shida. Barabara ile inapitisha malori ya mbao mchana kutwa.

"Nimepita barabara yote mpaka stendi. Nimewauliza bodaboda. Niko na Zabron mgongoni, nimemfunga na kanga yako, hakubali kushuka. Goodness nimemshika mkono." Akahema. "Watu wananicheka."

"Waache wacheke! Angalia gereji, anapenda kuangalia matairi. Angalia kanisani kwenye kengele."

Kwa nyuma Ikupa alimsikia Goodness. Binti huyo huongea, lakini maneno yake mengi ni ya watu wengine. Hulichukua neno alilolisikia redioni au dukani akalirudia siku nzima. Sasa alikuwa akisema kwa sauti moja, kama anayesoma: "Mti mkubwa umelala. Mti mkubwa umelala. Na sisi tulale."

"Mnyamazishe basi, sikusikii," Ikupa akasema. "Ni maneno yake tu hayo, huwa anarudia."

Nyayo za Liberatus zilisimama.

"Baba Ambrosi?"

"Haya si ya redioni," akasema polepole. "Haya ni ya kwangu."

"Nini?"

"Huwa namwambia Ambrosi. Jumapili tukitoka. Siku ile Goodness alipotufuata alinisikia." Nyayo zikaanza tena, safari hii mbio. "Subiri. Usikate."

Ikupa alijua kwamba Jumapili baada ya ibada mumewe humchukua Ambrosi wakanyooshe miguu. Muda huo yeye hufua. Hakuwahi kuuliza wanakwenda wapi. Mtu aliyeshushiwa mzigo mmoja kwa nusu saa haulizi umepelekwa wapi. Sasa alisimama kwenye tuta akasikiliza: pumzi ya mumewe, Zabron akiguna kila hatua, geti la chuma likigongwa, mlinzi akisalimu, "Kamwene, Libe, kuna nini?" Kisha mbwa. Kisha hakuna kitu.

"Sema kitu!" akapiga kelele. Kuku wa Bupe wakatawanyika.

"Yupo."

Ikupa akachuchumaa.

"Yupo juu ya magogo," Liberatus akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka kama ya mtu aliye kanisani. "Amelala chali. Mashine zikiwa zimezimwa anapenda hapa kazini kwangu. Huwa tunachagua gogo nene, tunalala, namwambia mti mkubwa umelala, na sisi tulale. Anatulia, mama. Hata mikono haichezi. Sikukwambia kwa sababu... sijui. Niliona ni jambo dogo."

"Magogo yangeporomoka, Liberatus."

"Najua. Najua hilo."

"Nakuja," Ikupa akasema. Alishainuka, alishaanza kurudi nyumbani. "Napanda basi sasa hivi."

"Usije."

Akasimama. Damu ilimpanda kichwani, maana aliona amefukuzwa.

"Usije leo," Liberatus akasema. "Nisikilize. Jana huyu mdogo amelala kunakucha. Nimepika chakula mara tatu, kimemwagwa mara tatu. Goodness nimemvalisha gauni lile jekundu, akajikwaruza kwa kucha mpaka damu, sikujua kosa langu ni nini. Nikakaa chini nikalia, mimi mwanaume mzima, na wao hawakushtuka, kila mtu anaendelea na lake. Nimeona. Lakini ni siku moja. Ukirudi leo, kesho nitakuwa nimeshasahau."

Yangekuwa maneno ya kumlainisha mke mwingine. Ikupa yalimtia hasira.

"Miaka kumi na miwili! Miaka kumi na miwili nipo mbele ya macho yako. Ulikuwa unangoja nikimbie ndipo uone?"

Upande wa pili Goodness alikuwa akirudia yake.

"Ndiyo," Liberatus akasema mwishowe. "Nadhani ndiyo."

Hakukata simu, wala Ikupa hakukata. Ilizimika yenyewe kwa kukosa chaji.

Ikupa alikaa Uyole mpaka Jumatano, na asidhani mtu kwamba alistarehe. Alilima kama anayepigana na ardhi. Aliamka kila alfajiri akiwa ameshasimama. Kutwa alipiga simu kuuliza kama Zabron amekunywa maji, na Liberatus alijibu mara nyingine kwa ukali, mara nyingine kwa aibu: gauni jekundu lina nini? Kola, akamwambia. Kata kola. Jumatatu Liberatus alimwita dada yake, Evarista, kutoka kijijini, akaomba ruhusa kazini, akapewa kwa manung'uniko.

Jumanne jioni Bupe alimkuta mdogo wake ameegemea jembe. Miaka ya nyuma ni Bupe huyu huyu aliyeshikilia kwamba watoto wapelekwe kwa nabii wakaombewe, mpaka wakanuniana mwaka mzima.

"Viazi vikishavunwa nitakuja kwako," Bupe akasema. "Nikae nawe hata mwezi."

Ikupa akamtazama. "Dada, usije kuwaombea. Njoo kufua."

Bupe akafunga upya kitenge chake. "Nitafua," akasema. "Kuomba nitaomba huku huku nafua, hilo huwezi kunikataza."

Jumatano Ikupa alipanda basi akiwa amevaa viatu vya Bupe. Chimala basi liliposimama alishuka akanunua mchele mweupe, ule anaoukubali Ambrosi, na kutoka hapo njia ilimrefukia. Alipofika nyumbani, uzio ulikuwa umekazwa kwa mabanzi mapya. Wifi yake Evarista alikuwa kibarazani, mikono ndani ya beseni la nguo, uso haukuwa na tabasamu.

"Kamwene, wifi. Umetuweza," akasema.

"Kamwene, wifi. Nimewaweza."

Zabron alimrukia, akamkamata nywele kwa mikono miwili, akavuta hadi machozi yakamtoka. Goodness, ndani ya gauni jekundu lisilo na kola, alimtazama begani akamwambia maneno aliyomsikia baba yake akiyasema siku ile, "Dada yupi? Na unga? Dada yupi? Na unga?" Ambrosi alimpita kama anayepita mti, akazunguka nyumba, akapita tena. Mara ya tatu alisimama, akauchukua mkono wake, akaunusa kiganjani, akauachia na kuendelea na mzunguko wake. Ikupa hakujua kama alikuwa amesamehewa au hata kama kulikuwa na kosa katika hesabu za mtoto huyo.

Liberatus alitoka jikoni, kidole kimefungwa kitambaa, ndevu hazijanyolewa. Hawakukumbatiana, hapakuwa na nafasi, Zabron alikuwa bado kwenye nywele. Walipanga mambo pale pale wamesimama. Jumapili nzima na Jumatano jioni watoto ni wa baba. Evarista atakaa mpaka Bupe aje. Ambrosi atapelekwa tena shule ya msingi yenye kitengo cha watoto kama yeye, ingawa mwaka jana alikaa wiki mbili tu akarudishwa.

Mipango mingine ilishika, mingine haikushika. Evarista alichoka kabla ya mwezi kuisha akaondoka amenuna. Shule ilimpokea Ambrosi asubuhi tu. Liberatus alisahau Jumatano mbili, na mara ya pili Ikupa alivaa viatu akaenda Uyole hata bila kuaga, akalala huko siku mbili. Liberatus hakusahau ya tatu.

Lakini jioni ile ya kurudi walikaa mezani kula wali. Evarista alidondosha sufuria, Goodness akapiga yowe, na Ambrosi akainuka, akaelekea kwenye fremu ya mlango, akaanza kugonga kichwa. Ikupa aliinuka. Liberatus naye aliinuka. Walitazamana juu ya sahani, na Liberatus akatangulia, akaweka kiganja chake kati ya kichwa cha mwanawe na mbao.

Ikupa akakaa. Kila sehemu ya mwili wake ilikuwa mlangoni. Akashika kijiko, akala.