Karatasi za Matanga ya Bi Thorndike

Shuka za Bi Thorndike zilikuwa bado zinachemka, na Sabina ana povu hadi viwikoni, mpishi aitwaye Una alipoingia na barua kutoka kwao Galway, ng'ambo ya bahari. Ajabu ni kwamba bahasha ilikuwa na jina la Una. Mwalimu wa kijiji, anayemwandikia mama yake Sabina, alikuwa anauliza marehemu amezikwa makaburi gani hapo Boston.

Marehemu mwenyewe ni Sabina.

Kisa chote karatasi. Bi Thorndike alipomaliza matanga ya baba yake, alibakiwa na karatasi na bahasha za msiba, zile za ukingo mweusi za kutangaza kifo, akawapa watumishi. Kununua nyingine eti ni kutupa pesa. Sabina hajui kuandika, Una ndiye humwandikia, na ndani walijaza habari njema tupu. Walisahau kwamba bahasha hufika kabla ya maneno. Mwalimu alikuwa safarini siku mbili, na siku zote hizo wanawake walijaa kwa mama wakiomboleza. Aliporudi akasoma, mama hakusadiki. Mwanangu hajui kuandika, alisema, ni watu wema tu wananifariji. Tangu hapo hali wala halali.

Sabina alipanda juu kuomba ruhusa ya saa moja akapigwe picha aitume kwao. Bi Thorndike akajibu kwamba jioni kuna wageni, angoje Alhamisi, siku yake ya mapumziko. Meli ya barua ilikuwa inaondoka kesho.

"Mama wa watu atakufa akingoja Alhamisi yake," Una alinung'unika. Akachana karatasi ya kufungia sukari, akachovya kalamu. "Haya, nipe jambo mnalolijua wewe na yeye tu."

Sabina akapangusa povu mikononi. Jambo lilikuwa moja tu. Na kule kwao barua ya Amerika haisomwi faraghani. Majirani wote huingia jikoni, mwalimu akasoma kwa sauti.

"Andika. Mama, yule mtoto niliyemzaa, ulimzika wewe chini ya ukuta wa malisho kabla hakujapambazuka, umemviringisha shali yako ya kijivu."

Una akaacha kuandika. Miaka minne wamelala chumba kimoja, hakuwahi kulisikia hilo.

"Sabina, hili litasomwa mbele ya kijiji kizima. Wadogo zako nani atawaoa?"

"Najua, dada. Andika pia kwamba alikuwa wa kike."